Mshono Mwekundu Chini ya Usukani

Mteja anayeuliza swali zuri simwamini. Anayeuliza swali la kijinga ni mteja. Anayeuliza swali zuri ametumwa. Miaka ishirini na saba nimekuwa fundi magari hapa Nyakabanda, na kanuni hiyo imeniokoa kwa wezi wa vipuri, kwa mafundi wenzangu wanaokuja kuchungulia, na kwa shemeji yangu mmoja ambaye sitamtaja kwa sababu mke wangu atayasoma haya.

Kwa hiyo Jumatatu ile asubuhi, binti mmoja aliposhuka kwenye Toyota Altezza ya rangi ya fedha mbele ya lango langu, akaitazama gereji juu mpaka chini kisha akaipiga picha kwa simu, nilikunja uso kabla hajanisalimia.

"Wewe ndiye Habumugisha?"

"Inategemea nani anamtafuta."

Alicheka. Mimi sikucheka. Alijitambulisha kuwa ni Kabagwira, anakaa Rebero, kazi yake kuchora ramani za nyumba. Amekulia Mbarara, Uganda, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza njiani, lakini hakuona haya kukitumia, jambo ambalo pia lilinitia wasiwasi.

"Muzehe, nataka kujifunza drifti," alisema. "Gari iko hii. Uitengeneze ya mtu anaanza, si ya mashindano."

Drifti, kwa asiyeijua, ni mchezo wa kulipeleka gari kwenye kona likiwa ubavu: magurudumu ya nyuma yanateleza, moshi unatoka, na dereva anazungusha usukani kuelekea upande ule ule mkia unakokimbilia ili gari lisipinduke na akili zake. Magari mengi ya siku hizi huvutwa na magurudumu ya mbele, hayatupi mkia hata uyabembeleze. Ndiyo maana vijana wanayasaka haya ya Kijapani ya zamani, injini mbele na nguvu nyuma. Hilo nililijua. Nisilolijua ni kwa nini anaacha mafundi wote wa Kigali anakuja kwangu.

"Mafundi wako tele," nikamwambia.

"Aliyeniuzia gari ndiye alisema nije kwako. Mwalimu Munyaneza. Alisema, kwa Habumugisha tu, usiende kwa mwingine."

Sikuuliza Mwalimu alisema nini zaidi. Nilifungua mlango wa dereva, nikajilaza chali sakafuni mwa gari, nikawasha tochi chini ya dashibodi. Ulikuwepo pale pale nilipouacha miaka kumi na sita iliyopita: mfuko wa ngozi bandia nyeusi, umevikwa kwenye shafti ya usukani kama soksi, na mshono wake wa uzi mwekundu. Mshono wa mke wangu. Ningeutambua kati ya mishono elfu.

Nilizima tochi nikiwa nimelala vile vile.

Sasa niseme kilichomo ndani ya mfuko ule, maana bila hilo mtanidhani mwendawazimu. Magari ya Japani huzaliwa na usukani kulia, na sisi Rwanda tunaendesha na usukani kushoto. Ulipofika wakati usukani wa kulia ukawa nuksi kisheria hapa kwetu, wenye magari hayo walihangaika, na mafundi tukaingia kazi ya kuhamisha usukani. Njia ya haki ilikuwa moja: kuagiza shafti nzima kutoka kwa gari pacha lililotengenezewa nchi za usukani kushoto, na kungoja wiki mbili au tatu ifike. Mimi nilikuwa kijana na nilipenda sifa. Nilitaka watu waseme Habumugisha anahamisha usukani kwa siku mbili. Wakasema. Kwa magari kumi na moja, shafti haikufika urefu, nami sikungoja ya kuagiza. Niliikata, nikaingiza kipande cha bomba ndani, nikachomelea, nikasaga mpaka ikawa laini, nikaivika mfuko. Mke wangu Mukashema, ambaye ni fundi cherehani na hushona viti vya magari hapo mbele ya gereji, nilimwambia mifuko ni ya kuzuia kelele.

Shafti ile ndiyo fimbo ya chuma inayotoka mikononi mwa dereva kwenda kwenye magurudumu. Ikikatika, usukani unazunguka mkononi kama sahani na gari linakwenda linakotaka. Kwa mwalimu wa hesabu anayekwenda shule na sokoni, nilijiambia, itavumilia. Lakini kwenye drifti usukani unatupwa kutoka mwisho mmoja hadi mwisho mwingine mara mia kwa asubuhi moja.

Na sasa Munyaneza, mzee mwenye akili ya kuhesabu punje za mchele, ameleta gari lake na binti mwenye kamera. Nilijua nimekamatwa. Kilichobaki ni kujua lini watanifunga kamba.

"Muzehe, uko sawa huko chini?" aliuliza Kabagwira.

"Natafuta kunguni," nikamjibu.

Nilipanga kuibadilisha ile shafti mbovu kimya kimya, atakapokuwa hayupo. Lakini binti hakuwa na mpango wa kutokuwepo. Alivuta stuli, akaketi, akafungua daftari.

"Nimechukua likizo wiki nzima," alisema. "Nataka kujua gari yangu."

Nilimtuma aende mjini kununua boliti. Alimpigia kijana wa moto, yaani pikipiki ya abiria, boliti zikaletwa kabla sijamaliza kunawa mikono. Nilimwambia moshi wa kuchomelea unaharibu macho ya wanawake. Mukashema alinisikia kutoka kwenye cherehani yake na kicheko chake kikanifedhehesha. Isitoshe, shafti yenyewe haipatikani dukani. Ni ya kuagiza, na ningewezaje kuagiza shafti ya gari ambalo mimi mwenyewe nililitoa gerejini nikisema limekamilika?

Basi nikafanya kazi aliyoniomba, na niseme kweli, niliifanya vizuri. Anayeanza hahitaji nguvu, hivyo injini sikuigusa, zaidi ya kusafisha rejeta na kubadilisha mipira ya maji, kwa sababu gari la drifti huchemka upesi. Nilitoa tairi la akiba, jeki, zulia na kila kinachoweza kuruka. Nilibadilisha bushi zote zilizolegea. Tairi za mbele nikaweka mpya zenye kushika, za nyuma za bei ndogo nikazijaza upepo zaidi ili ziteleze kwa urahisi. Breki ya mkono nikaikaza mpaka ikawa inafunga magurudumu ya nyuma kwa mvuto mmoja. Breki yenyewe bado ilikuwa upande wa abiria, maana gari lilizaliwa na dereva kulia, ikambidi Kabagwira ajifunze kunyoosha mkono.

"Na waipa, Muzehe?" aliuliza. "Mbona haifuti kona yangu? Inafuta vizuri kwa abiria."

"Waipa sikuzihamisha kama wenzangu. Kwenye gari lolote nililolihamisha usukani, waipa ziliachwa zilivyo."

"Oh. Kwa hiyo mtu anaweza kujua gari zako."

Aliandika. Nilitazama kalamu ile kama mtu anayetazama nyoka akiingia chumbani kwake.

Jumatano tulifika kwenye difu, yaani lile bonge la gia katikati ya magurudumu ya nyuma. Kazi yake ni kuruhusu gurudumu moja lizunguke polepole kuliko jingine kwenye kona. Kwa drifti ya mwanafunzi tunaliua: tunachomelea gia za ndani, magurudumu yote mawili yanazunguka pamoja, mkia unatoka kwa utii. Nilikuwa nimevaa miwani myeusi, cheche zinaruka, nikamsikia nyuma yangu:

"Muzehe, na ukichomelea chuma, haiwezi kukatika siku moja?"

Nilitupa kishikio chini. "Nani amekwambia kuchomelea kwangu kunakatika? Ee? Sema jina lake! Munyaneza?"

Aliruka kutoka kwenye stuli. Daftari likaanguka. Cherehani ya Mukashema ikanyamaza.

"Bambe, Muzehe, samahani, nimeuliza tu," alisema taratibu. "Mimi sijui chuma."

"Difu ikikatika gari linasimama, hakuna anayekufa," nikasema, na sauti yangu mwenyewe sikuipenda. Mukashema alikuja, akamwokotea daftari, akamletea chai ya maziwa, akanitazama kwa jicho ambalo nimelijua kwa miaka thelathini. Jicho hilo halisemi kitu. Linaweka akiba.

Kabla daftari halijafungwa nilichungulia. Kabagwira alikuwa ameorodhesha sehemu zote za gari, kila moja na alama ya vema pembeni. Ya mwisho kabisa iliandikwa kwa herufi kubwa, USUKANI, ikapigwa mistari miwili chini. Kulikuwa na neno jingine dogo mbele yake lakini kidole chake kilikuwa juu yake.

Alhamisi sikuweza kuvumilia. Nilimwambia kwa ukali wa mtu anayejihami, "Usukani uko sawa, hauna haja ya kuangaliwa."

"Yego, ndabizi," alisema, akatabasamu.

Ndabizi. Najua. Anajua nini? Nilichimba neno hilo mchana kutwa. Tabasamu la nini? Mtu asiyejua hatabasamu vile. Nilimwona wazi sasa: anajua, na anangoja niseme mwenyewe, au nisiseme, ili kosa liwe kubwa zaidi. Picha zote zile ni ushahidi. Nikamchukia kidogo, nakiri. Ni rahisi kumchukia mtu uliyemkosea.

Ijumaa, nilipotoka msikitini, nilimkuta mwanamume mmoja mrefu amesimama na Kabagwira kando ya gari. Benon, alivyojitambulisha, ndiye anayewafundisha wanaoanza kwenye uwanja mmoja wa lami kule Ndera, nyuma ya maghala ambayo hayajahamiwa. Watu wa Kigali wakikwambia unaelekea Ndera, kwa sababu ya hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko huko, ujue wamekutania. Benon alikuwa amezoea utani huo, akautoa mwenyewe kabla sijautoa mimi. Aliinama chini ya gari, akakagua difu, akavuta breki, akapiga tairi teke.

"Kazi nzuri, Mzee. Sasa kesho tuonane saa tatu. Unajua sheria yetu?"

"Sheria gani?"

"Gari ya mwanafunzi, mzunguko wa kwanza, fundi aliyeitengeneza anakaa kiti cha abiria. Tangu tuanze iko hivyo. Fundi akikataa kupanda, gari haitembei."

"Nilisahau kukwambia, Muzehe," akasema Kabagwira. "Ariko, lakini wewe huwezi kuogopa. Ni kazi yako."

Walicheka wote wawili. Ndiyo hiyo kamba, nikasema moyoni. Wameisuka wiki nzima, leo wameivalisha. Kabla sijapata neno, Kabagwira aliwasha gari, akaondoka nalo kwenda Rebero.

Jioni, chakula kikiwa mezani, nilimwambia Mukashema kuwa yule binti ametumwa.

"Kila mtu kwako ametumwa," alisema. "Hata paka wa jirani."

"Huyu ametumwa na Munyaneza. Wananitega."

"Wakutege kwa nini, Baba Zura? Una nini cha kutegwa?"

Aliweka kijiko chini, lile jicho likafungua akiba yake yote. Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu shafti, bomba, kuchomelea, magari kumi na moja. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na mifuko niliyoshona?"

Niliisogeza sahani yangu.

"Uliniambia ni ya kuzuia kelele." Aliitazama mikono yake. "Nilishona mshono maradufu, kwa uzi mwekundu, nikajisifu. Kumbe nashona sanda." Machozi yalimtoka, si mengi, akayafuta kwa ncha ya kitenge kwa hasira. "Mpigie simu sasa hivi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mpigie."

Nilimpigia. Kabagwira alipokea kwa furaha, nyuma yake muziki. Maneno yalikuwa tayari kinywani. Nikasema:

"Kesho, ukija Ndera, endesha polepole."

"Sawa, Muzehe. Murakoze!"

Mukashema alichukua sahani zake, akaingia ndani. Hakunisemesha tena, na hata alfajiri alinipa mgongo. Sijawahi kujiona mdogo kama nilivyojiona usiku ule.

Jumamosi ile haikuwa ya umuganda, ile kazi ya pamoja inayofunga barabara asubuhi, hivyo magari yalikuwepo, na moto iliyonibeba ilikwenda upesi kuliko nilivyotaka. Uwanja wa Ndera ulikuwa umezungushiwa matairi ya zamani. Walikuwepo vijana kama ishirini, magari sita au saba, wengine na wazazi wao. Altezza ilikuwa imeoshwa inang'aa. Nilikwenda nikiwa na hila yangu ya mwisho: nitasema nimesikia sauti kwenye usukani, gari lisiendeshwe, nitalirudisha Nyakabanda, nitajua la kufanya. Kwa njia hiyo gari lingesimama na jina langu lingebaki.

Sikupata nafasi. Benon aliwaita watu wakusanyike, kwa maana sheria yao ina sehemu ya pili: mwanafunzi humtambulisha fundi wake mbele ya wote kabla hawajapanda.

Kabagwira alikuwa ameshavaa helmeti. Aliivua tena ili aonekane uso.

"Huyu ni Muzehe Habumugisha wa Nyakabanda," alisema. "Mimi niliogopa kununua gari iliyohamishwa usukani. Watu wote waliniambia ni hatari, mama yangu kule Mbarara alilia kwenye simu. Nikamuuliza Mwalimu Munyaneza. Akaniambia, mimi nimeiendesha miaka kumi na sita, watoto wangu wote nimewapeleka shule ndani yake, kwa sababu aliyehamisha usukani ni mtu wa haki. Akasema chochote ukitaka kutengeneza, mpelekee yeye. Na usukani usiguswe na mtu mwingine." Akafungua daftari lake, akalionyesha watu, nami nikaliona lile neno dogo lililokuwa chini ya kidole: USUKANI, na mbele yake, usiguse. "Nimepiga picha zake wiki nzima namtumia mama. Jana mama amesema, kama huyo mzee atakaa na wewe ndani, basi nitalala."

Watu walipiga makofi. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alinitazama kwa heshima ambayo hajawahi kunitazama nayo mtu yeyote sokoni.

Hakukuwa na mtego. Wiki nzima nilikuwa nikiutafuta kila pembe, kumbe binti yule hakuwa ameshika chochote ila imani, na mwenye kufunga kamba ni mimi peke yangu. Nilipewa helmeti. Niliivaa. Miguu yangu ilinipeleka hadi kiti cha abiria, nikajifunga mkanda, na naapa mpaka mlango unafungwa sikuwa nimeamua.

Kabagwira aliwasha injini. Alicheka, akiucheka woga wake mwenyewe. Kisha, kama nilivyomfundisha, akauzungusha usukani hadi mwisho wa kushoto akiwa bado amesimama, kuangalia magurudumu. Nikasikia, au nilidhani nimesikia, mlio mdogo mkavu kutoka chini ya dashibodi.

Nilinyoosha mkono nikazima ufunguo.

"Shuka," nikamwambia.

"Muzehe?"

"Shuka, mwanangu. Tafadhali shuka."

Nilitoka, nikazunguka, nikajilaza chali sakafuni upande wa dereva mbele ya watu wote, nikatoa kisu mfukoni nikakata uzi mwekundu. Mfuko ukadondoka kifuani mwangu. Nilimwomba Benon amulike. Pale nilipochomelea palikuwa na mstari mwembamba wa kutu ukizunguka nusu ya shafti. Labda ulikuwa ufa, labda kutu tu. Kwa mwanga ule sikuweza kujua, na mpaka leo sitaki kujidanganya kwa upande wowote.

"Niliikata na kuichomelea," nikasema kutoka huko chini. "Mimi. Nilijua tangu Jumatatu ulipoingia. Mwalimu hajui. Alinisifu kwa kitu asichokiona."

Benon alinitoa kwa kunishika shati. Nilidhani atanipiga, na ningemwacha. Alipiga kelele kwa Kiingereza, kwa Kinyarwanda, kisha tena kwa Kiingereza. Yule mama mwenye mtoto alirudi nyuma hatua mbili. Kabagwira aliinama akatazama ndani, akatazama kwa muda mrefu, akapapasa mahali pale kwa kidole. Aliponyanyuka, alinigeukia.

"Ungekwenda," alisema. "Ungekwenda na mimi hivyo?"

"Sijui," nikajibu. Hilo ndilo jibu la kweli na ndilo linaloniuma zaidi.

Alilichukua daftari lake kutoka juu ya boneti. Nilidhani atalichana. Akafungua ukurasa mpya.

"Magari mangapi, Muzehe?"

"Nini?"

"Hii kazi. Uliifanya kwa magari mangapi?"

"Kumi na moja."

Aliandika. "Hii ni moja. Kumi mengine iko wapi?"

Upepo ulikuwa unavuma kutoka mashambani, na kalamu ilikuwa inangoja. Nilitafuta kichwani. Nilikumbuka rangi, nilikumbuka sifa nilizopewa, chai niliyonunuliwa. Majina nilikumbuka mawili tu.

"Sijui," nikasema mara ya pili asubuhi ile.

Alinyofoa karatasi mbili, ile iliyokuwa na orodha ya gari lake akabaki nayo, hii mpya yenye nambari moja hadi kumi akanipa.

Altezza ilivutwa kwa kamba hadi Nyakabanda. Niliagiza shafti kamili ya gari pacha, ikafika baada ya siku kumi na nane, nikaifunga bila mfuko, na Benon alimleta fundi mwingine kuikagua mbele yangu, boliti kwa boliti. Nilistahili. Nilikwenda kwa Mwalimu Munyaneza pia. Alinisikiliza barazani kwake, kisha akaita mjukuu wake mkubwa aje asikie, nikalazimika kusema yote upya. Kabagwira anaendesha sasa, naambiwa mkia anautupa vizuri. Fundi aliyekaa naye mzunguko wa kwanza si mimi.

Mukashema alinisemesha siku ya tatu. Alichosema ni kwamba mvua inanyesha, mbona nimekaa ndani.

Alikuwa amewaza kuliko mimi. Magari kumi yale yamebadilishwa rangi, yamebadilishwa namba, waliokuwa nayo wameuza na waliouziwa wameuza. Lakini waipa sikuzihamisha hata moja. Jua likiwaka siwezi kuyajua. Mvua ikinyesha, gari langu linafuta vizuri upande wa abiria na kumwachia dereva kona ya maji, na kila mwenye macho anaweza kuliona. Basi tangu hapo mvua ikishuka naacha kazi, navaa koti la plastiki, nasimama barabarani. Nimepata manne. Moja lilikuwa juu ya mawe uani kwa mtu, halina injini. Matatu nimeyafunga shafti mpya, na Mukashema amesimama kando akihakikisha.

La tano nililiona Jumanne iliyopita, saa ya shule kufunguliwa, magari yakiwa kwenye foleni. Mark II ya kijani. Waipa zikaja, zikaenda, na ile kona kushoto ikabaki imejaa maji. Nyuma walikuwepo watoto watatu wenye sare. Niliruka mtaro, nikagonga kioo cha dereva kwa kiganja, koti linavuja, ndevu zinavuja. Alikishusha kioo vidole viwili.

"Ndugu yangu," nikasema, "usukani wa gari hili ulihamishwa na nani?"

Alinitazama kutoka kofia hadi viatu. Macho yale niliyajua. Ni yangu mwenyewe.

"Wewe muzehe," akasema, "nani amekutuma?"

Kabla sijajibu kioo kilipanda, foleni ikasogea, na Mark II ikaondoka na wale watoto. Namba yake niliishika kichwani. Niliirudia kwa sauti njia nzima hadi nyumbani, na Mukashema akaiandika kwenye karatasi ya Kabagwira, mbele ya nambari tano.